Macho ya Ng'ombe na Leza ya Tororo

Nimestaafu mwezi mmoja na nusu sasa, na mmeshanipigia simu mara kumi na moja. Mara tatu mliuliza ufunguo wa kabati la lenzi uko wapi. Uko kwenye kabati la lenzi, umening'inia mlangoni, mmoja wenu aliuacha hapo na mimi nikachoka kuutoa. Mara mbili mliuliza kwa nini pampu ya kupozea leza inalia. Inalia kwa sababu maji yamepungua. Ongezeni maji. Yale ya dumu jeupe, si ya bomba. Simu zilizobaki zilikuwa za kuniomba niandike "kitu kidogo" kuhusu miaka yangu ya kazi hapo maabara, kisomwe kwenye mkutano wa Ijumaa. Nilikataa, nikakataa tena, na leo naandika hapa nyumbani Dabani kwa sababu nimeona bila hivyo sitapumzika. Vyeo sivitaji. Mishahara ndiyo kabisa.

Mimi ni fundi redio. Shule nilisoma upande wa Kenya, ndiyo maana Kiswahili changu mnakicheka, kisha nikarudi kwetu nikafungua kibanda Busia cha kutengeneza redio na televisheni. Siku moja akaja mwanamke mrefu, amekumbatia kisanduku cha chuma kama mtoto mgonjwa. Huyo ndiye Daktari Amoit. Alikuwa amesoma ng'ambo miaka mingi, akarudi na leza kuukuu aliyopewa huko walipokuwa wananunua mpya. Kisanduku kilikuwa kifaa cha umeme cha leza hiyo. Nikakifungua, nikaona kapasita moja imevimba, nikaibadilisha, nikamrudishia.

"Unajua hiki ni cha nini?" akaniuliza.

"Sijui. Najua tu kilichokuwa kinakisumbua."

"Njoo Tororo Jumatatu," akasema, wala hakuuliza kama nina nafasi.

Jumatatu nilikuta chumba kisicho na dirisha. Katikati palikuwa na meza ya chuma ukubwa wa vitanda viwili, nzito mno, lakini imebebwa na hewa kwenye miguu yake ili isitikisike. Kando yake alisimama mzee mwembamba mwenye mikono mikubwa. Huyo alikuwa Othieno wa Mukuju, fundi wa kuchonga vyuma, ambaye ndiye aliyetengeneza karibu kila kishikio cha kioo mnachokitumia hadi leo. Hakunisalimia.

"Vua pete," akasema. "Vua saa. Vua hereni."

Nilidhani ni mambo ya dini. Nilikuwa karibu kuondoka Daktari aliponieleza kwamba kitu chochote kinachong'aa kinaweza kurudisha mwale wa leza na kumpiga mtu jichoni, na kwamba mwale mkuu wa mashine yetu una wekundu wa mwisho kabisa, ambao jicho halioni karibu chochote. Unaweza kukuunguza nawe hujajua kama upo. Nikavua kila kitu, nikavaa miwani ya kinga niliyopewa. Pete yangu ilikaa kwenye kikombe cha chai cha Othieno miaka yote hiyo, saa za kazi.

Najua baadhi yenu mmeingia mwaka huu na bado mnajifanya mnaelewa tunachokifanya. Nawaeleza kama nilivyoelezwa. Nyuma ya jicho kuna protini yenye rangi nyekundu ya kuelekea waridi. Mwanga ukiigusa, inajikunja umbo, na hapo ndipo kuona kunaanza. Kujikunja huko kunakwenda kasi kuliko kitu chochote utakachowahi kukiita kasi. Chukua sekunde moja uigawe vipande elfu. Chukua kipande kimoja ukigawe elfu tena. Fanya hivyo mara tano, na vipande mia mbili vya mwisho ndio muda wenyewe. Saa haipo ya kupima hapo. Kwa hiyo unatuma mimweko miwili ya leza: wa kwanza unaiamsha protini, wa pili unaiuliza umefika wapi. Huo wa pili unaucheleweshaje? Unaurefushia njia. Unasogeza kioo nyuma kidogo, mwanga unakwenda na kurudi, unachelewa. Kwa protini ya jicho, kusogeza kioo nusu ya unene wa unywele kunatosha. Shughuli yote imekwisha.

Nusu ya unywele. Sasa fikirieni kazi hiyo Tororo. Malori ya kwenda Malaba yanapita usiku na mchana. Machimbo ya mawe yanalipua saa sita. Vumbi jeupe la simenti linaingia hata kwenye bahasha iliyofungwa. Umeme ukikatika dakika moja, leza inataka saa nzima kutulia. Msimu wa kumbikumbi, mlango ukiachwa wazi kidogo tu, unakuta mabawa juu ya vioo, na nusu ya wafanyakazi wako nje na mabeseni wanakusanya kitoweo. Mara moja tulipoteza siku mbili kutafuta kwa nini mwale unakatika kila baada ya muda. Alikuwa mjusi. Alikuwa amepata mahali pa joto juu ya kishikio, na kila akipumua tumbo lake lilikuwa linagusa mwale.

Othieno alinifundisha mikono. Kupangusa lenzi kwa karatasi laini, mara moja, upande mmoja, kisha karatasi unaitupa. Kukaza skrubu kwa vidole viwili, kamwe si vitatu. Kuzuia pumzi. Nikikosea hakufoka, aliirudisha kazi yote mwanzo, hata ile sehemu niliyoipatia, akasema, "Haya, tena." Kuna siku nilirudia mpangilio wa vioo saba mara tisa. Mara ya kumi nilimwambia nakwenda zangu Busia kwenye redio, ambako vitu vikitengenezwa vinatengenezeka. Akaniletea kiti. "Kaa," akasema, "halafu tena."

Protini yenyewe tuliitoa kwenye macho ya ng'ombe. Ikishapigwa na mwanga rangi yake inafifia na hairudi, kwa hiyo kila mmweko unataka protini mpya, na kwa kipimo kimoja unahitaji macho mengi sana. Macho hayo yalitoka machinjioni kwa Okiru, mtu wa kabila la Wateso, mpole mwenye sauti kubwa. Ng'ombe akianguka tu, Okiru alitoa macho, akayatia kwenye kopo jeusi lenye barafu, akafunika. Mimi nilikwenda kuyachukua kabla jua halijapanda.

"Madam," aliniambia siku moja, "hii macho inaniletea shida. Watu ya supu wanagomba. Wanasema kichwa bila macho ni kichwa gani?"

"Waambie yamekwenda shule."

"Nimewaambia. Wamesema basi yarudi likizo."

Utani huo haukudumu. Maneno yakaanza kuzunguka kwamba kuna chumba kisicho na dirisha, watu wake wanakusanya macho, tena gizani. Mwenyekiti wa kijiji akaja kuuliza. Othieno akampokea, akamwingiza chumba cha giza, akawasha taa nyekundu hafifu, akampa kichupa ashike. Kisha akawasha taa nyeupe. Mwenyekiti akaona rangi ya waridi, na mbele ya macho yake ikafifia mpaka njano ya uji.

"Kumbe hata langu liko hivi ndani?"

"Lako, langu, na la ng'ombe," Othieno akasema. "Tofauti ni kwamba lako bado li hai, linatengeneza nyingine."

Mwenyekiti akafunga jicho moja, akalifungua. "Basi mngesema," akasema.

Tulikuwa tumesema. Tulikuwa tumebandika tangazo getini kwa lugha tatu.

Sasa niwaeleze zile siku kumi, maana naona mnazitaja bila kuzijua. Wakubwa waliotupatia jengo walikuwa wamechoka nasi. Miaka ilikuwa imepita na hatujatoa kipimo hata kimoja cha kuaminika. Wakatuambia mwezi ukiisha bila matokeo chumba kitageuzwa stoo ya mbegu. Daktari akaandika barua kwa kila mtu anayemjua, na rafiki yake mmoja wa ng'ambo akatuazima kamera ya kunasa mwanga, nzuri kuliko yetu mara nyingi. Siku kumi tu, kisha iende nchi nyingine ilikokuwa inasubiriwa.

Siku ya kwanza, mashine yetu ya kuzungusha sampuli, ile inayotenganisha protini na takataka nyingine za jicho, ikavunjika. Kipuri chake kilikuwa mbali. Daktari akapiga simu kwa mwenzake aliye kwenye chuo kimoja upande wa Kenya, saa moja hivi kutoka Busia, akakubali tutumie yao. Tulikuwa na tando za macho mia mbili, kazi ya wiki tatu za kukata kwenye taa nyekundu. Nikavuka nazo, zikazungushwa, na siku ya tatu nikawa narudi na chupa moja ya urefu wa kidole changu. Nimeiviringisha karatasi ya foili, nikaitia mfuko mweusi, kisha sanduku la barafu. Mpakani walisoma karatasi, wakanipitisha. Mbele, kwenye barabara ya kuja Tororo, palikuwa na hema la ukaguzi.

"Mama, nini iko ndani?" afisa akauliza. Kijana nadhifu, suruali imenyooka.

"Protini ya macho ya ng'ombe, afande. Karatasi hizi hapa. Imeandikwa isifunguliwe kwenye mwanga."

"Nimesoma. Lakini kazi yangu ni kuona."

"Ukiiona itakufa."

Akarudi nyuma hatua moja. "Iko nyoka?"

"Si nyoka. Ni rangi."

"Rangi inakufa namna gani?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, nawaapia, nilieleza kuliko ninavyowaeleza nyinyi. Alitikisa kichwa kila sehemu inayofaa kutikisa. Nikamwomba ampigie simu Daktari. Akasema simu haikagui mzigo. Nikamshika mkono, jambo ambalo halifanywi, naye akautoa mkono wake taratibu bila ukali na kuikunjua foili. Ilikuwa saa saba, jua liko utosini. Aliitazama chupa, kisha, ili aone vizuri zaidi, akaiinua juu kuelekea jua.

"Iko tu maji ya pinki," akasema. "Hakuna kitu hapa." Kisha akakunja uso. "Mbona inageuka?"

"Nilikwambia."

"Inakuwa njano."

"Nilikwambia, afande."

Akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Ungesema vizuri," akasema.

Dereva aliyenileta Tororo alinisimulia baadaye kwamba njia nzima nilikuwa nasema peke yangu, na mengine yalikuwa kwa Kisamia cha kwetu ambacho yeye hakijui, na akashukuru kutokijua.

Daktari Amoit aliipokea chupa, akaitazama, akaiweka rafu ya juu. Kisha akaosha vikombe vyote vya chai vilivyokuwa pale, hata vilivyo safi. Alipomaliza akasema, "Tumebaki na siku saba. Pasaka ni Jumapili. Kabla ya Pasaka watu wanachinja."

Nikaenda kwa Okiru. Nilipomsimulia alicheka mpaka akaegemea mlango, na alipoona mimi sicheki akaacha. Alikuwa na shemeji machinjioni Mukuju na binamu katika machinjio ya Buteba. Kwa siku mbili wale watu watatu, ambao hawakuwa na sababu yoyote ya kutusaidia zaidi ya kwamba tuliomba, walitukusanyia macho kila ng'ombe alipoanguka. Siku iliyofuata tulikata watatu, Daktari, Othieno na mimi, kwenye taa nyekundu ambayo huoni hata kucha zako. Harufu siwezi kuwaelezea. Othieno, ambaye kwa miaka hakuwahi kuniambia neno la sifa, alipapasa trei yangu akasema, "Zako ni nzima kuliko za Daktari." Daktari akasema amesikia.

Siku ya saba nikavuka tena, nikarudi tena. Afisa yuleyule.

"Mama wa rangi," akasema. "Leo pia nakagua."

"Kagua," nikasema. "Ila mimi nachagua mahali."

Karibu na hema palikuwa na duka la mama mmoja muuza mchele. Nilikuwa nimeshaongea naye asubuhi nikienda. Nikamwingiza afisa stoo, kati ya magunia, mama mwenye duka akaziba mlango kwa turubai. Nikawasha kurunzi nyekundu, nikafungua foili.

"Sioni rangi," afisa akasema gizani.

"Kwenye mwanga mwekundu kitu chekundu kinaonekana kama maji. Ndiyo maana haifi."

Akaitikisa kidogo, akainusa, akauliza kama ile ya juzi ilikuwa hivi. Nikasema ndiyo. Kisha akachukua karatasi yangu, na kwa mwanga uleule mwekundu akaandika: "Imekaguliwa, hakuna kilichoonekana." Karatasi hiyo iko faili ya kijani. Msiitupe.

Siku ya nane tulipanga vioo. Siku ya tisa umeme ulikatika mara mbili, machimbo yakalipua, pampu ndogo ya kupitisha sampuli ikaziba. Jioni hatukuwa na nukta hata moja ya maana kwenye mchoro. Siku ya kumi, saa nane mchana, mambo yakanyooka ghafla, kama yalivyo mambo yote ya maabara, bila sababu. Nukta zikaanza kupanda kwenye kompyuta. Sampuli iliyobaki ilikuwa ya dakika arobaini. Wa kuja kuichukua kamera alikuwa ameshafika, ameketi korido, anasoma gazeti.

Kisha mwanga ukaanza kudhoofika. Kioo kimoja kilikuwa kimehama.

"Funga," Othieno akasema. "Narekebisha."

Nikabonyeza kitufe, na shata, kile kijimlango cha chuma kwenye njia ya mwale, ikaufunga mwale. Chumba kilikuwa na giza, yeye upande wa pili wa meza ameinama, mimi natazama kompyuta. Nikasikia sauti yake: "Sawa." Nikafungua.

Ile "sawa" haikuwa yangu. Daktari alikuwa amemuuliza kwa sauti ya chini kama bisibisi aliyompa ni saizi yake.

Othieno alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyefinywa. Nikafunga. Nilipofika alikuwa amesimama wima, kiganja juu ya jicho la kulia.

"Mzee—"

"Kioo kimekaa," akasema. "Endelea. Sampuli inakwisha."

"Mzee, jicho."

"Nimesema endelea!" Ndiyo mara pekee aliyonifokea katika maisha yake.

Tukaendelea. Najua mnavyonitazama mkisoma hapa. Tuliendelea dakika ishirini na mbili, na yeye ameketi kwenye kiti, kiganja usoni. Mchoro ukatoka. Daktari akahesabu nukta kwa kidole, akazilinganisha na muda ambao wenzetu wa ng'ambo waliupima zamani. Ulikuwa uleule. Hatukugundua kitu siku ile. Tulionyesha tu kwamba meza ya Tororo, yenye malori na mijusi, inapima kweli. Ilitosha. Stoo ya mbegu ilipelekwa jengo lingine, wanafunzi wakaanza kuja, na ndiyo sababu leo nyinyi mnapima macho ya samaki wa ziwani kule Majanji ambayo hakuna mwingine aliyeyapima. Lakini siku ile hakuna aliyeshangilia. Daktari alipogeuka kumwonyesha Othieno mchoro, yeye alikuwa anafunga na kufungua jicho la kushoto.

"Nikikutazama uso," akasema, "haupo. Kuna doa."

Daktari wa macho alisema pameungua katikati kabisa, mahali pa kusomea, na hapatengenezeki.

Kwenye kitabu cha kumbukumbu za maabara mimi ndiye niliyeandika tukio. Niliandika: "Shata ilifunguka." Lisomeni neno hilo tena. Sikuandika "nilifungua". Lugha yetu ina mlango huo mdogo, kitu kinafunguka bila mtu, nami nikapita humo. Na kwa kuwa shata ilikuwa imefunguka, ilibidi ichunguzwe. Nilipewa mimi kazi hiyo. Wiki mbili nilikaa mezani kwangu na pasi ya kulehemu na mita, natafuta hitilafu ambayo nilijua haipo. Nilipima kila waya. Nikaandika ripoti. Shata mpya ikaagizwa. Daktari alinisifu kwa umakini, na mimi nikasema asante.

Othieno alifanya kazi miezi michache, akaona kwa jicho moja hawezi tena kusoma vipimo vya mashine ya kuchongea, akarudi Mukuju. Mwaka mzima sikwenda. Kila Jumamosi nilikuwa na udhuru: mvua, msiba, pampu. Nilichoka na watu wengi katika kazi hii, na afisa yule mmojawapo, lakini hakuna niliyechoka naye kama mimi mwenyewe mwaka ule.

Siku niliyokwenda alikuwa uani, anamenya karanga, sinia magotini. Nilisimama. Hata salamu sikuimaliza.

"Mzee, ile shata haikufunguka. Mimi niliifungua."

Aliendelea kumenya. "Najua," akasema. "Ile shata niliichonga mimi. Haifunguki yenyewe."

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe kwa nini hukusema?" Akaweka sinia chini. "Kaa. Sasa na mimi nikuambie. Miwani ya kinga uliiona wapi siku ile?"

Nikafikiri. Kwa mara ya kwanza mwaka mzima nikafikiri jambo hilo. "Sikuiona."

"Ilikuwa mfukoni. Nikiivaa sioni skrubu. Nilikuwa naivua kila mara, miaka yote, na nilikuwa nawafokea vijana wakiivua. Kwa hiyo nilikaa hapa nikasema, yule akija kuuliza, nitamwambia. Hukuja kuuliza."

Mkewe akaleta chai, akatutazama, akarudi ndani.

"Mzee, nisamehe."

"Nimesamehe siku nyingi. Ila kuna jambo linanikera." Na kweli sauti ilipanda. "Ulipima shata nzima wiki mbili? Na ripoti ukaandika? Wakanunua nyingine? Ile yangu iko wapi?"

"Iko kabatini."

"Irudishwe! Hiyo ya kununua ni bati." Akashika sinia lake, akaliweka tena chini. "Na kitabu kirekebishwe. Uandike kwamba ulifungua, uandike na miwani. Yote mawili, siyo moja. Kijana akisoma 'shata ilifunguka' atafanya nini kesho? Atanunua shata."

Jumatatu nilimwendea Daktari Amoit, nikamwambia mbele ya wote. Uso wake siuelezi. Hakusema nami siku nne, na alikuwa na haki. Siku ya tano alikuja na karatasi yenye utaratibu mpya, ule mnaoulalamikia: kabla ya shata kufunguliwa, anayefungua anamwita kila aliye chumbani kwa jina, na kila mmoja anajibu kwa maneno yaleyale, kwamba yupo mbali na mwale na miwani ameivaa. "Sawa" hairuhusiwi. "Ndiyo" hairuhusiwi. Nimesikia mkiuita wimbo wa bibi. Uiteni mnavyotaka, mradi muuimbe.

Shata ya Othieno tuliirudisha mezani, na siku ya kuijaribu Daktari alituma gari Mukuju. Othieno alikuja na koti lake la kanisani. Tulimwekea kiti karibu na mlango, mbali, ukutani. Taa zikazimwa. Nilikuwa na kidole kwenye kitufe.

"Daktari Amoit?"

"Nipo mbali na mwale. Miwani nimeivaa."

Nilitaka kuendelea, nikakumbuka kwamba kuna mtu wa tatu.

"Mzee Othieno?"

Ukasikika mchakacho wa mtu anayetafuta kitu mifukoni, akakikosa mfuko wa kwanza, akakipata wa pili. Lori likapita nje. Tukalisubiri lipite.

"Nipo ukutani," akasema. "Miwani nimeivaa. Fungua, mwanangu."

Nikafungua.